Bangili ya Mawe Meusi na Mafuta ya Lavenda: Je, Niache Kuivaa?

Swali: Shikamoo. Naishi Donholm, Nairobi, na nafanya kazi mapokezi katika ofisi moja mjini. Mwaka huu nilizawadiwa bangili ya mawe meusi yenye vitundu, pamoja na kichupa cha mafuta ya lavenda. Kila asubuhi naitia matone matano au sita halafu natoka. Kwenye matatu harufu inanijaa vizuri, lakini ikifika saa nne siisikii tena, hata naongeza. Mwenzangu anasema anaumwa na kichwa. Wiki mbili hizi kifundo cha mkono kimeanza kuwasha. Nina mtoto wa miaka mitatu mwenye pumu. Je, niache kabisa, au kuna njia rahisi ya kuivaa kila siku? Na pia nilikuwa nimepanga kumnunulia mama mkwe, yuko Machakos, kitu cha aina hiyo.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiache kabisa, ila kwa sasa ivue. Mkono unaowasha haupakwi wala kuvishwa chochote mpaka upone. Nitarudi kwenye mkono, lakini nianze na hilo la saa nne, kwa sababu naona ndilo lililozaa mengine yote.

Harufu haikuisha saa nne. Pua yako ndiyo iliyoizoea. Pua ya binadamu ikikaa na harufu moja kwa dakika chache huanza kuipuuza, ili ibaki na nafasi ya kunusa jambo jipya, kama moshi au chakula kinachoungua. Wewe unadhani bangili imekauka, unaongeza matone, na mwenzako ambaye anatoka na kuingia, ambaye pua yake haijazoea, anapokea mzigo wote. Kwa mtu mwenye kipandauso, harufu kali ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu, kwa hiyo sidhani anakuonea. Muulize yeye, usiiulize pua yako. Kipimo ninachowapa watu ni mkono mmoja: aliyesimama umbali wa kunyoosha mkono asiisikie kabisa. Harufu ya pambo ni ya aliyelivaa, na labda ya anayemkumbatia.

Sasa hesabu kidogo. Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita. Kichupa cha mililita 10 kina matone karibu 200. Kwa matone sita kwa siku kichupa kinakwisha kwa mwezi na siku chache, bila kuhesabu yale unayoongeza ofisini. Kwa bangili ya mawe manane au kumi, tone moja kwa siku mbili linatosha. Najua halionekani kuwa kitu. Lakini kumbuka kwamba mafuta hayo yametolewa kwa mvuke kutoka rundo kubwa la maua, na tone moja si sawa na kupitisha ua mbele ya pua.

Yale mawe meusi ni mawe ya volkano. Lava ilipokuwa inapoa, gesi iliyokuwa ndani ilitoka ikaacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofyonza mafuta kisha kuyaachia polepole. Hapa kwetu mawe ya namna hiyo si mageni. Jiwe la kusugulia visigino linaloelea kwenye beseni ni la ukoo huohuo, na ukipanda mlima Longonot unayakanyaga njia nzima. Tatizo ni kwamba shanga nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zimetiwa rangi nyeusi au kupakwa nta zing'ae. Zijaribu hivi: dondosha tone la maji juu ya shanga moja. Likinywewa, jiwe liko wazi. Likibaki juu limeviringana, limepakwa kitu, na mafuta yako hayaingii ndani bali yanabaki juu yakisubiri ngozi. Halafu chukua pamba yenye spiriti ya hospitali, usugue shanga. Pamba ikitoka nyeusi, hiyo ni rangi, na umekuwa ukiivaa kwenye jasho kila siku.

Nimefika kwenye mkono. Mwasho wako unaweza kutoka sehemu tatu, na namna ya kuzitenganisha si ngumu kama una subira. Ya kwanza ni mafuta yenyewe kugusa ngozi yakiwa mabichi. Lavenda inasifiwa kuwa mpole, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini zaidi ya nusu yake huwa ni viambata viwili vinavyoitwa linaloli na linalili asetati. Linaloli ikiwa mpya haina neno sana. Ikikaa na hewa, chupa ikifunguliwa na kufungwa, ikiachwa dirishani juani, inageuka kuwa kitu kingine ambacho ni maarufu kwa kuleta mzio wa ngozi. Ndiyo maana Ulaya linaloli ni lazima iandikwe kwenye lebo ya vipodozi ikizidi kiwango fulani, pamoja na limonini ya machungwa na nyingine nyingi, tangu orodha ilipopanuliwa mwaka 2023 ikapita 80. Sasa fikiria jiwe lenye mafuta ya juzi, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, yote yamelundikana humo yakizeeka, nawe unaongeza juu yake. Hilo jiwe lako, kama hujawahi kuliosha, limebeba zaidi mafuta mazee kuliko mapya.

Sehemu ya pili ni ile rangi au nta niliyoitaja. Ya tatu ni chuma. Bangili hizi huwa na kishanga cha fedha-bandia katikati, au kinembo cha mti au moyo, na metali za bei rahisi mara nyingi zina nikeli. Mzio wa nikeli ni wa kawaida sana, hasa kwa wanawake, na wengi waliupata siku walipotobolewa masikio kwa herini za bei ya chini. Kama umewahi kuvaa saa au herini ukawashwa, tayari una fununu.

Fanya hivi. Vua bangili wiki mbili au tatu mpaka ngozi irudi kawaida kabisa. Usipake mafuta yoyote yenye harufu hapo, hata yale "ya asili", na wala usipake hiyo lavenda kwa kuwa umesikia inatuliza ngozi. Wakati huo ioshe bangili kwa namna nitakayoeleza. Ngozi ikishapona, vaa bangili safi isiyo na tone hata moja. Mwasho wa mzio hauji papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu, kwa hiyo usijitangazie ushindi jioni ya kwanza. Ukiwashwa, chuma au rangi ndiyo adui, na bangili hiyo si yako. Usipowashwa, mafuta ndiyo yaliyokuwa yakikuumiza. Na kama vipele vinatoa maji, vinasambaa nje ya pale bangili ilipokaa, au havitulii baada ya wiki hizo, nenda kwa daktari wa ngozi. Yeye hubandika vipande vidogo mgongoni vyenye vitu mbalimbali na kusoma baada ya siku kadhaa, na unatoka ukijua jina la kitu chako badala ya kubahatisha.

Kuiosha: kata mpira kwanza. Ndiyo, ukate. Mafuta haya hulegeza mpira, ya machungwa na ndimu ndiyo mabaya zaidi, na mpira wa bangili yako siku yoyote utakatika shanga zitawanyike chini ya viti vya matatu, usizione tena. Shanga zitie kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni isiyo na manukato, ziache mpaka maji yapoe, uzisugue kwa mswaki laini wa zamani, kisha uzifute kwa spiriti na kuzianika. Zinuse. Zikiwa bado zinatoa harufu nzito kama rangi ya mbao, rudia. Baada ya hapo zipeleke kwa akina mama wa shanga, soko la Kariokor hawakosi, uwaambie wakutungie kwa uzi wa nta au ugwe mwembamba wa ngozi. Ugwe wa ngozi wenyewe ukitiwa tone unashika harufu vizuri kuliko hata jiwe, ingawa utaacha alama kwenye shati jeupe.

Njia rahisi ya kila siku uliyoniuliza ni hii: tia mafuta usiku, si asubuhi. Na usiyatie kwenye bangili. Tafuta chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, ile ya jamu inafaa ikishaoshwa vizuri. Weka kipande cha pamba chini, dondosha tone moja kwenye pamba, weka kipande cha karatasi ngumu juu yake, halafu laza bangili humo na ufunge. Usiku kucha mvuke wa mafuta unajaa chupa na kuingia kwenye vitundu vya mawe. Asubuhi unaitoa ikiwa kavu, haina unyevu wa kugusa ngozi, na ule ukali wa mwanzo unaopanda kichwani umepungua. Unaiacha mezani wakati unakunywa chai, unaivaa, unatoka. Pamba unaiongezea tone siku inayofuata au ya tatu, na kila mwezi unaitupa na kuweka nyingine.

Wanaouza vitu hivi watakwambia udondoshe moja kwa moja kwenye jiwe, usubiri dakika chache. Inafanya kazi, sikatai. Lakini Nairobi asubuhi ya Julai ina baridi, mafuta hayapandi, mtu anadhani hayatoshi. Jua likishatoka na matatu ikajaa na madirisha yakafungwa, yanapanda yote kwa pamoja. Njia ya chupa inakupa harufu iliyo sawa zaidi, na mkono wako utaishukuru.

Hili la kuhifadhi pambo ndani ya harufu si langu wala si la kigeni. Pwani nilikokulia, nguo za sikukuu hazikunyunyiziwa kitu. Zilifukizwa udi juu ya chetezo, zikakunjwa na asumini kati ya mikunjo, na harufu ikaingia taratibu. Bibi yangu alitunga kikuba jioni, asumini na waridi na majani ya mrehani, akakibandika kifuani juu ya kanga, juu ya nguo. Kuna pia mikufu ya karafuu, inayotungwa karafuu zikiwa zimelowekwa ili zisivunjike. Mapambo haya yote yalikaa juu ya nguo au kwenye nywele, na maua ya kikuba yaliponyauka yalitupwa. Hakuna aliyerundika harufu ya jana chini ya harufu ya leo. Na Wamaasai, kwa upande wao, wametumia majani ya leleshwa makwapani tangu zamani. Kile kichaka chenye majani ya kijivu unachokiona ukielekea Narok, ukiyafikicha yana harufu kama ya kafuri.

Kwa hiyo hata ukipona, ningependa uvae harufu juu ya nguo. Kwa mtu wa mapokezi, bangili ndiyo chaguo baya kuliko yote. Mkono unampa mtu fomu, unapokea simu, unapita mbele ya pua ya kila anayekuja, na kati ya wanaokuja wamo wenye pumu kama mwanao. Kidani kidogo chenye kifuniko cha matundu, ndani kina kipande cha kitambaa cha sufu, kinakufaa zaidi. Joto la kifua linainua harufu kuelekea kwako, kitambaa unabadilisha na kuosha, na siku yenye watu wengi unakitoa kitambaa unakiacha kwenye mkoba. Tafuta cha chuma kisichoshika kutu. Shaba ya njano inayofuliwa na mafundi wa Kibera kutokana na makufuli na mabomba ya zamani ni nzuri mno kwa macho, ninayo kadhaa, lakini ikikutana na mafuta na jasho inageuka kijani.

Kuhusu vitu vingine utakavyoona sokoni. Shanga za kioo za Kimaasai hazifyonzi kitu. Tone litateleza hadi kwenye uzi. Shanga za udongo zinazotengenezwa Karen na kiwanda cha Kazuri tangu 1975 zimepakwa rangi ya kung'aa na kuchomwa tena, nazo pia zimeziba. Udongo mwekundu uliochomwa bila kupakwa ndio unaofyonza, na kwa maoni yangu unashinda jiwe la volkano kwa sababu hauna rangi ya kuchuja. Lulu usizikaribishe kabisa kwenye manukato, zinafifia. Na ukiambiwa mkufu ni wa msandali wa hapa Kenya, uache. Msandali wa Afrika Mashariki ulivunwa kwa pupa mpaka serikali ikapiga marufuku ukataji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Shanga nyingi za "sandali" mitaani ni mti wowote mweupe uliochovywa mafuta. Kinachotoka kwa magendo sitaki kukivaa, na kinachodanganya sitaki kukilipia.

Mafuta nayo. Ukienda Eastleigh utakuta vichupa vizuri vya mafuta ya waridi, miski na udi. Vinukie, vifurahie, lakini fahamu kwamba kilo moja ya mafuta halisi ya waridi inahitaji tani kadhaa za petali, kwa hiyo kichupa cha bei ya nauli si cha waridi lililokamuliwa. Kimechanganywa maabara. Hilo halikifanyi kuwa kibaya. Mengine ya kuchanganya yana mzio mdogo kuliko ya mmea. Kibaya ni kutojua kilichomo. Nunua kidogo, kichupa cha mililita 5, cha kioo cheusi, uandike tarehe uliyokifungua, ukiweke mahali pa baridi na giza. Mwaka ukipita, kitupe hata kama kimebaki.

Epuka mdalasini na karafuu karibu na ngozi, zote mbili zinaunguza. Mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, na ya ndimu yaliyokamuliwa baridi ni hatari ya namna yake: yakigusa ngozi kisha jua likaipiga, yanaleta malengelenge na baadaye madoa meusi yanayokaa miezi. Tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na jua letu halina mzaha hata siku ya mawingu.

Mtoto. Hapa sina utani. Pumu ya mtoto mdogo inaweza kuamshwa na harufu kali, na haijalishi kama ni ya asili. Ukifika nyumbani, vua pambo mlangoni kabla hujambeba, lifungie kwenye chupa yake, na chupa ikae juu ya kabati, isiwe kwenye chumba anacholala. Usimfungie bangili ya mafuta "imsaidie kupumua", hata kama jirani ameapa. Mafuta ya mkaratusi na ya peremende yakiwekwa karibu na pua ya mtoto mdogo yanaweza kuzuia pumzi badala ya kuifungua. Na kichupa chenyewe ni sumu kwake: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kimeshatosha kumuumiza mtoto vibaya. Akinywa, usimtapishe, kwa maana yanaweza kuingia kwenye mapafu. Beba mtoto, beba na kichupa, kimbia hospitali. Kama daktari wake wa pumu amekwambia usitumie manukato kabisa nyumbani, basi mfuate yeye, uniache mimi.

Hukuuliza kama lavenda kweli inatuliza, lakini nadhani ndiyo sababu ulipewa. Kuna utafiti wa maana kuhusu vidonge maalumu vya kumeza vya mafuta ya lavenda, miligramu 80, vilivyojaribiwa Ujerumani kwa watu wenye wasiwasi. Hivyo ni vidonge vya dawa, si kichupa chako, na usije ukakilamba. Kwa kunusa tu, ushahidi ni mwembamba. Ninachoweza kukuambia ni kwamba njia ya harufu kwenda ubongoni inapita karibu sana na sehemu za kumbukumbu na hisia, kwa hiyo ukiifanya harufu moja iwe ya wakati mmoja, kwa mfano ile robo saa ya kwanza ofisini kabla simu hazijaanza, mwili unazoea kuitambua. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokaa nayo kutwa nzima. Itoe saa nne, badala ya kuiongezea.

Mama mkwe usimpelekee bangili ya mawe. Mtu mzima ngozi yake ni nyembamba na kavu, na hujui ana mzio gani. Machakos kuna Wamunyu, nyumbani kwa wachongaji wa Kikamba. Agiza shanga za mjakaranda, ambao ni mti unaonywa mafuta. Mpingo ni mzito hata unazama majini, haunywi. Mwambie fundi mapema kwamba hutaki vanishi wala rangi ya viatu, maana wengi humalizia kwa rangi ya viatu ili mti mweupe uonekane mpingo, na hiyo itaharibu kola ya nguo yake. Kabla ya kuongeza mafuta, mpigie umuulize anapenda harufu gani. Akisema hapendi manukato, mpe shanga hivyohivyo, kavu.